Joho la Mwinda Tembo

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, watu walipokwisha kutawanyika na watoto wa chuo hawajarudi bado kwenye mikeka yao, alinijia kijana mmoja niliyemsomesha tangu juzuu ya kwanza. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, akakaa. Mkononi alikuwa na furushi lililofungwa kwa kanga ya zamani. Alipolifungua ilitoka harufu ya kafuri na vumbi la kasha, na ndani yake mlikuwamo joho la sufu, zito, refu la kufika vifundoni, rangi yake buluu iliyoiva hata kukaribia weusi, na ukingoni lina uzi wa dhahabu uliochakaa. Nondo walikuwa wamelila mabegani na mgongoni. Ukiliinua kwenye mwanga, unaona matundu kama ya chekeche.

"Maalim," akasema, "hili ni joho la kuwindia la babu yake babu yangu. Baba mkubwa amesema sioi mpaka lipatikane jingine kama hili, la sufu hasa. Nimezunguka Bagamoyo yote, nimekwenda Dar es Salaam mpaka Kariakoo, nimeagiza Unguja. Kila duka wananionyesha majoho mepesi yanayong'aa. Sufu ya namna hii naipata wapi, na nani ataishona?"

Nikamwuliza kwanza habari ya bibi harusi. Akainama. Akanieleza kwamba posa imepokewa na mahari yamekubaliwa, lakini ndoa imekwisha ahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza walingoja joho kutoka kwa jamaa zao walioko Maskati, na lilipofika baba mkubwa alilikataa kwa wepesi wake. Mara ya pili walingoja, na hakuna lililokuja.

Nilimwomba anipe siku chache. Siku hizo nilizitumia kulitazama lile joho, kuwauliza wazee, na kufunua vitabu vilivyomo nyumbani. Nimeona niyaandike hapa niliyomjibu, kwani nyumba zetu nyingi, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, zina kasha lenye nguo ya zamani ndani yake, na nyingi zina hadithi juu ya nguo hiyo, wala si kila hadithi inasimuliwa kama ilivyokuwa.

Sufu si mali ya pwani

Tuanze na jina. Joho ni neno lililotufikia kwa ndimi za Waarabu, wanaosema *jukh*, nao wamelipokea kwa Waajemi na Waturuki. Asili yake halikuwa jina la vazi bali la kitambaa, yaani sufu nzito iliyofumwa Ulaya. Baadaye watu wa pwani wakaliita vazi lenyewe kwa jina la kitambaa chake, kama tunavyosema mtu amevaa kaniki. Ndiyo maana mzee wa zamani akisema "joho" huenda anakusudia kipande cha nguo kilicho dukani, na huenda anakusudia vazi lililokwisha kushonwa.

Kondoo wetu wa pwani na wa bara iliyo jirani nasi wana singa fupi, si sufu ya kusokotwa. Nchi yetu ni ya pamba, na wazee wetu walisokota na kufuma pamba karne nyingi kabla ya meli za Ulaya. Kwa hiyo sufu ilikuwa daima kitu cha kutoka ng'ambo. Hata lugha yetu inashuhudia. Pamba nyororo itokayo katika tunda la msufi tuliipa jina la sufi, kwa kuwa ilitukumbusha ile sufu ya wageni tuliyokuwa tukiisikia na kuiona kwa nadra.

Kitambaa cha joho kina utengenezaji wake. Nyuzi za sufu hufumwa kwa upana mkubwa kuliko unaotakiwa, kisha nguo hutiwa majini na kupondwapondwa mpaka inywee, nyuzi zishikane, hata jicho lisiweze tena kufuata mfumo. Halafu huvutwa vinyweleo vyake juu na kukatwa sawasawa, ndipo nguo inapokuwa laini usoni. Nguo iliyotengenezwa hivyo upepo haupenyi upesi, na manyunyu huteleza juu yake kabla ya kuingia. Tena ukiikata kwa mkasi ukingo wake haufumuki. Ndiyo sababu mshoni wa joho hakuhitaji mishono mingi. Alikata vipande vipana vilivyonyooka, akaacha mbele wazi, akatia bitana mabegani, kisha kazi yake kubwa ikawa ni tarizi, ule ukingo wa hariri au uzi wa dhahabu unaoshuka kutoka shingoni.

Sasa msomaji atauliza: vazi zito namna hii lina maana gani katika nchi ya joto kama yetu? Maana yake lilikuwa nalo, na dini yetu imetangulia kutuonyesha.

Alivyovaa Mtume (S.A.W.)

Katika Surat an-Nahl Mwenyezi Mungu anatuhesabia neema zake, na miongoni mwa hizo anazitaja sufu za wanyama, manyoya yao na nywele zao, kuwa ni vyombo na manufaa kwetu kwa muda. Kisha anataja mavazi yanayotukinga na joto na yanayotukinga katika vita. Basi nguo ni neema kabla ya kuwa pambo.

Na katika hadithi sahihi iliyopokewa kwa al-Mughira bin Shuuba (R.A.) imekuja kwamba alikuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) safarini, nayo ni safari ya Tabuk ya mwaka wa 9 wa Hijra. Mtume akataka kutawadha, na alikuwa amevaa juba la sufu lililotoka Sham. Mikono ya juba lile ilikuwa myembamba, akashindwa kuipandisha, basi akaitoa mikono yake kwa chini ya juba, akaiosha, akapaka kichwa, akapaka na khofu zake. Imamu Bukhari ameiweka habari hii katika mlango wa mavazi, akaonyesha kwamba juba la sufu lilikuwa vazi la safarini na la vitani.

Wanavyuoni wamefunguliwa mambo mengi na hadithi hii moja. Mimi nataka tutazame mawili. La kwanza, Sham siku hizo ilikuwa chini ya Warumi, wala Mtume hakuikataa nguo kwa sababu ya mikono iliyoifuma. Basi asije mtu akasema joho lilikuwa haramu kwa kuwa kitambaa chake ni cha Wazungu. La pili, juba lile lilikuwa vazi la kazi. Mikono yake imebana kwa ajili ya safari na baridi, na lilipozuia wudhu, halikuheshimiwa. Wudhu ndio ulioheshimiwa. Nguo ilimtumikia mtu, na mtu akamtumikia Mola wake.

Haya tuyaweke moyoni, kisha tushuke pwani yetu tuone sufu ilipata daraja gani ilipofika.

Njia ya pembe

Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja, biashara ya pembe za ndovu ilikua kuliko ilivyopata kuwa. Ulaya na Marekani walizitaka kwa vitana, vipini vya visu, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Bara Hindi walizitaka kwa bangili. Bagamoyo ikawa mlango mkuu wa njia ya kati, inayokwenda Ugogo, Unyanyembe, mpaka Ujiji kando ya ziwa Tanganyika, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu huru wa ujira, ambao walishuka na pembe na kupanda na nguo.

Nasema kupanda na nguo, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia hiyo. Mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti, na kila kijiji kilijua hesabu yake. Nguo ya watu wote ilikuwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyopewa jina la nchi yake, kwa sababu wafanyabiashara wa Marekani ndio walioileta kwa wingi baada ya mkataba wao na Sayyid Said wa mwaka 1833. Ya pili ilikuwa kaniki ya rangi ya nili. Juu ya hizo zilikuwako nguo za mistari na za hariri zenye majina yake. Na miongoni mwa nguo za heshima, zisizotolewa kwa posho wala kwa kila mtu, ilikuwako joho. Mwingereza Burton, aliyeianza safari yake Kaole mwaka 1857 na kukitoa kitabu chake mwaka 1860, ameitaja joho kwa jina lake hili hili katika bidhaa za misafara, akaieleza kuwa nguo ya kukwaruza ya rangi ya buluu au nyekundu.

Joho liliwekwa chini kabisa ya mzigo, likakunjwa kwa uangalifu, likingoja wakubwa wa nchi. Msafara ulipofika kwa mtemi mwenye nguvu, anayeweza kufunga njia au kuifungua, ndipo joho lilipotolewa, pamoja na hongo au zaidi ya hongo. Mtemi akilivaa, watu wake wote wanajua kwamba watu wa pwani wamemtambua. Huko bara, ambako usiku wa kipupwe una baridi kali, lilikuwa na faida pia ya kumkinga mtu. Lakini hapana shaka kwamba lilitolewa kwa ajili ya macho kabla ya baridi.

Na huku pwani lilikuwa vivyo hivyo. Liwali, tajiri, kadhi na mtu wa ukoo mkubwa walitoka kwa joho siku ya Idi na siku ya baraza. Tazama picha zilizobaki za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, utaliona joho. Mwenye joho alitambulika toka mbali, hata kabla uso wake haujaonekana.

Aliyewinda na aliyevaa

Sasa tumefika kwenye lile neno la kijana, "joho la kuwindia". Neno hili lilinisumbua tangu nilipolisikia.

Mwenye kujua pori la nyuma ya Bagamoyo, la Wakwere, Wadoe na Wazigua, anajua kwamba lina miba, matete na vichaka vya kushika nguo. Tembo haoni vizuri mbali, lakini husikia na hunusa kuliko mnyama mwingi. Mwinda tembo alitembea siku nyingi akifuata nyayo, akakaa kinyume cha upepo, akanyemelea mpaka karibu. Wengine walitumia mashimo, wengine mikuki, wengine mishale ya sumu, na baadaye magobori, ambayo ukikosa risasi ya kwanza huna nafasi ya kushindilia ya pili. Ni mtu gani angeifanya kazi hiyo amevaa sufu inayofika vifundoni, yenye kunasa kila mwiba na kunuka kafuri?

Watu waliofanya kazi hiyo walikuwa na elimu yake, na wenzao waliwaita mafundi. Wamakua wa kusini walisifika kwa bunduki zao. Unyamwezini kulikuwa na chama cha wawindaji wa tembo kilichoitwa Wayege, chenye mafunzo na miiko yake. Jina lao lilikwenda mpaka Katanga pamoja na watu wa Msiri, likawa jina la dola yake mpaka alipouawa mwaka 1891. Hao ndio walioingia ndani ya vichaka. Na katika nchi nyingi za bara, tembo akianguka, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye nchi, na mwindaji akabaki na moja. Hiyo moja ikatolewa deni la baruti, la risasi na la nguo alizokopeshwa kabla hajatoka. Kisha ikapandishwa begani mwa mpagazi, ikateremka pwani, ikapimwa kwa frasila, na bei yake ikazidi katika kila mkono iliopitia.

Basi nikaenda kwa bibi mmoja wa ukoo ule ule wa kijana, ambaye umri wake umepita miaka tisini na akili yake ni nzima. Nikamwuliza juu ya joho. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza. Akaniambia, "Sheikh, wanawe hawapendi nilitaje hili. Babu yetu yule hakuwinda na joho. Alikuwa Mnyamwezi, fundi wa tembo. Alishuka na pembe zake mwenyewe, na tajiri wake alipokwisha kumkata madeni, fungu lililobaki akamlipa kwa joho hilo, akamwambia ni heshima. Mke wake alisema, heshima hailiwi. Alisilimu hapa, akaoa hapa. Joho alilivaa siku za Idi tu. Alipokufa akazikwa kwa bafta kama watu wote, na joho likarudi kashani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Halikuwa joho la kuwindia. Lilikuwa joho lililowindiwa. Na nikaelewa pia kwa nini baba mkubwa analishikilia. Ukoo wa bibi harusi ni ukoo unaojulikana pwani, nao ni wajukuu wa mtu wa bara. Aliogopa watu wasije wakasema. Basi akataka sufu iseme badala yake.

Kabla sijaendelea, iko mas-ala ya fiqhi ambayo msomaji mwenye elimu atanidai. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mfupa wa mnyama asiyechinjwa ni najisi, na pembe ya ndovu imeingia katika hukumu hiyo. Mahanafi wameiona kuwa tohara, wakaruhusu kuiuza. Iko riwaya katika Sunan ya Abu Daud ya bangili mbili za *aji* alizonunuliwa Bibi Fatima (R.A.), na wanavyuoni wetu wakaifasiri aji hiyo kuwa ni gamba la kasa. Siyataji haya ili kuwahukumu waliokwisha kutangulia, maana wao wameyafikia waliyoyatanguliza. Ninayataja tujue kwamba mali iliyowavisha watu majoho ilikuwa na maswali tangu siku hizo, na swali la damu ya mnyama halikuwa kubwa kuliko swali la haki ya mja. Mpagazi aliyeanguka njiani, mwindaji aliyekatwa madeni mpaka akabaki na nguo, na mtumwa aliyefungwa mnyororo pamoja na pembe katika baadhi ya misafara, hao wote wana madai yao mbele ya Mwenyezi Mungu.

Na tembo nao wamepungua. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza kuzuiwa biashara ya pembe duniani, na ikazuiwa. Saadani, iliyokuwa bandari ya misafara kama Bagamoyo, imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na tembo wake wanalindwa na askari.

Sufu ya namna nyingine

Nguo ilikuwa mpaka kati ya watu. Unguja na pwani, mtumwa alivaa merikani tupu au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana. Kwa hiyo utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, jambo la kwanza walilolifanya watu wengi lilikuwa kubadilisha nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakaingia katika kanga. Hawakuwa wakiiga. Walikuwa wakisema kwa nguo kwamba wao ni watu.

Lakini Bagamoyo ilipata jawabu kubwa kuliko nguo. Katika misafara ile ile ya pembe aliletwa kutoka Manyema, Kongo ya mashariki, mtoto ambaye alikua katika utumwa hapa mjini. Akasoma, akapata uhuru wake, akajishughulisha na mali ya halali, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiria. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Mwaka 1916 akafanywa liwali wa Bagamoyo, katika mji ule ule alioingia akiwa hana hata jina la baba yake. Alifariki mwaka 1931, na wanafunzi wake wakaenea mrima na bara.

Wanavyuoni wengi wanasema neno tasawwuf limetokana na suf, yaani sufu, kwa sababu wachamungu wa zamani walivaa sufu ya kukwaruza, isiyo na tarizi wala rangi, kwa kuipa nyongo dunia. Wako waliosema asili yake ni nyingine. Lakini ikiwa ni hivyo, tazama ajabu yake. Sufu ya joho ilipanda Bagamoyo kwenda bara ikiwa imekunjwa ndani ya mzigo, kwa ajili ya wakubwa. Na kutoka bara akashuka mtoto asiye na nguo ya kutajwa, akaja kuwa bwana wa Masufi wa mji huo. Sufu ya kwanza nondo wameila. Ya pili bado inasomewa Fatiha.

Asinifahamu mtu vibaya. Sisemi joho ni dhambi. Mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa, kwa maana yake, kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na katika hadithi ya anayeburura nguo yake kwa majivuno, Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alieleza kwamba upande wa shuka yake humtelemka, akaambiwa kuwa yeye si katika wale wafanyao hivyo kwa majivuno. Basi kiburi hakikai katika kitambaa. Mtu anaweza kuvaa sufu ya dhahabu na moyo wake ukawa umesujudu, na mwingine akavaa kiraka na moyo wake unaburura ardhi yote.

Jawabu la kijana

Kijana aliniuliza maswali mawili, na ni haki yake kujibiwa yote mawili.

Sufu anaipata wapi? Hapa pana jambo la kuchekesha. Nguo ambayo zamani ilinunuliwa kwa pembe, leo inalala katika marobota ya mitumba. Makoti marefu ya sufu ya Ulaya huja pamoja na nguo nyingine, na kwa kuwa nchi yetu ni ya joto hayana wateja. Afunguliwe mishono mawili yaliyofanana, na fundi mwenye subira atapata vipande vya kukatia joho. Aloweke kwanza kitambaa na kukianika kivulini, kisije kikanywea baada ya kushonwa. Ukingo usipambwe kwa gundi bali kwa mkono. Na likiisha lianikwe mara kwa mara, kwani nondo hupenda giza na utulivu, na joho linalovaliwa haliliwi.

Swali la pili, nani ataishona, nilimjibu kwa swali. Nguzo za ndoa katika madhehebu yetu ni ngapi? Akazihesabu kama nilivyomfundisha: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuoza na kukubali. Nikamwuliza, joho liko wapi hapo? Akacheka, na nilifurahi kumwona akicheka.

Baba mkubwa nilimwita kwangu baada ya Isha, peke yake, kwani mtu mzima hanasihiwi mbele za watu. Nilimsomea aya ya Surat al-Aaraf inayosema kwa maana yake kwamba vazi la uchamungu ndilo bora. Kisha nikamwambia niliyoyasikia kwa bibi. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo Sheikh umejua." Nikamwambia, "Nimejua kwamba babu yako aliwinda kwa mikono yake, akadhulumiwa kwa mizani, na hakumdhulumu mtu. Wako wangapi mjini hapa wanaoweza kuyasema haya juu ya wenye majoho ya babu zao?" Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake.

Ndoa ilifungwa wiki tatu baadaye, Ijumaa, msikitini. Fundi alikata sehemu za chini za lile joho ambazo nondo hawakuzifikia, akashona kizibao, na kijana akakivaa juu ya kanzu nyeupe. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyemvisha. Na watu walipouliza kitambaa kile cha buluu kimetoka wapi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Ni cha babu yetu Mnyamwezi, fundi wa tembo." Baba wa bibi harusi akainuka akampa mkono, akasema kwamba kwao pia upande wa mama ni watu wa Unyanyembe, ila hakuna aliyekuwa akisema.

Enyi ndugu zangu, fungueni makasha yenu. Anikeni nguo za wazee wenu juani, na mnapozianika waulizeni walio hai kabla hawajaondoka: nguo hii ililipiwa na nani? Na jawabu likija na jasho la mtu, mwombeeni mtu huyo kabla ya kumwombea aliyeivaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wa pwani na wa bara, waliotangulia kwa joho na waliotangulia kwa merikani, atusamehe yaliyopita mikononi mwao na mwetu, na atuvishe vazi asiloliona nondo. Amin.

Wabillahi tawfiq.